Umepanda basi lisilo lako Kange? La kufanya kabla ya Segera

Kutoka stendi ya Kange, Tanga mjini, hadi njia panda ya Segera ni kilomita 70 na kitu. Katika kipande hicho basi la Dar es Salaam, la Arusha, la Lushoto na la Handeni yote yanapita barabara moja: Pongwe, Muheza, Hale, Segera. Kwa hiyo mtu wa Tanga aliyekosea gari Kange bado hajapotea. Yuko kwenye njia yake, ila amekaa kwenye kiti kisicho chake. Anapotea Segera, gari linapokata kushoto kwenda Kabuku na Chalinze wakati yeye alitakiwa akate kulia kwenda Korogwe.

Mimi nilipotea pale. Nilipigiwa simu usiku kwamba mama yangu mkubwa amefariki Soni, kunakopandiwa kutokea Mombo, na maziko ni saa 4 asubuhi. Nilifika Kange kiza bado hakijatoka vizuri, nimelia njia nzima ndani ya bajaji. Kijana akanipokea begi: "Mama wapi? Mombo? Mombo hii hapa, tunaondoka." Nikapanda, nikapewa tiketi, nikaitia kwenye pochi bila kuisoma. Tulipokaribia Segera konda akapita katikati ya viti akiuliza, "Segera wapo?" Nikanyamaza, maana mimi si wa Segera, ni wa Mombo. Gari likakata kushoto. Nililiona likikata. Nikajiambia labda dereva anakwenda kujaza mafuta. Mpaka napata moyo wa kuuliza tuko Mkata, na tiketi nilipoitoa kwenye pochi imeandikwa Tanga–Segera.

Soni nilifika karibu na saa 6 mchana. Wanawake wenzangu nimewakuta wamekaa mkekani, jeneza limeshatoka. Nilitaka nimwone uso kabla hajatolewa ndani, sikumwona.

Ndiyo maana nimeandika haya kwa kirefu. Yafuate kwa mpangilio huu hata kama moyo unakwenda mbio.

Hatua ya kwanza: soma tiketi, isome ukiwa umekaa

Usiangalie jina la kampuni peke yake, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na magari mawili Kange asubuhi hiyo hiyo, rangi moja, michoro ile ile ubavuni. Angalia namba ya gari na uilinganishe na iliyobandikwa mbele au nyuma. Angalia tarehe. Kisha angalia mahali safari inapoishia. Neno hilo moja lingeniokoa mimi.

Angalia na saa, kwa jicho la makini. Tiketi za mashine huandika 06:00, na sisi tunasoma saa 6. Hiyo 06:00 ni saa 12 asubuhi. 07:30 ni saa 1 na nusu. Nimewahi kumkuta mzee Kange saa 5 ametulia kwenye benchi na tiketi ya 06:00 mkononi, anasubiri gari la saa 6 mchana. Gari lake lilishafika mbali. Mtu wa namna hiyo akishagundua hukimbilia gari lolote linalotaka kutoka, na hapo kosa la pili linazaliwa juu ya la kwanza. Ikiwa gari lako limekuacha, nenda dirishani kwa kampuni yako kwanza, wakuandikie kwenye gari jingine. Usirukie tu.

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni kukuta kiti chako kina mtu, na yeye ana tiketi yenye namba hiyo hiyo. Watu wengi hapo huanza ugomvi. Acha ugomvi, ziwekeni tiketi mbili pamoja mzisome. Mara nyingi mmoja wenu yuko kwenye gari lisilo lake, na heri ajulikane gari likiwa bado stendi.

Hatua ya pili: tazama nje ya dirisha

Ikiwa unakwenda Muheza, Korogwe, Lushoto, Moshi, Arusha, Handeni au Dar es Salaam, baada ya muda mfupi uone Pongwe, penye kiwanda cha saruji. Halafu Muheza, na machungwa yake barabarani msimu ukiwa mzuri. Hale utavuka mto Pangani. Ukiviona hivyo kwa zamu, uko njia sahihi, hata kama gari si lako.

Ukiona Amboni, kunakoendwa mapangoni, umeelekea kaskazini: hiyo ni barabara ya Horohoro na Mombasa. Ukiona Tongoni, kwenye yale magofu na makaburi ya kale, umeelekea kusini, Pangani. Katika hali hizi mbili hakuna cha kusubiri, kila kilomita inakupeleka mbali na safari yako. Sema papo hapo, ushuke kwenye kijiji chenye watu na magari, urudi mjini. Aliyeelekea Segera ana nafasi ya kupumua, huyu hana.

Hatua ya tatu: uliza, na uulize swali lenye jibu moja

Hapa ndipo tunapoangukia wengi, kwa haya. Mtu mzima, umevaa vizuri, gari limejaa watu wanaokuangalia, unaanzaje kusimama na kusema hujui gari linakwenda wapi? Nakuambia nikiwa nimelipia haya hiyo kwa kitu kisichorudi: simama.

Usimfuate dereva, mwache na barabara yake. Mwite konda. Na usimuulize "Hili gari la wapi?" kwa sauti ya wasiwasi, kwani atakujibu "Dar" au "Arusha" na kupita, nawe utabaki unajiuliza kama Dar hiyo inapitia kwako au la. Muulize hivi:

"Kaka, samahani. Mimi nashuka Mombo. Gari hili Segera linakata wapi?"

Akisema kulia, umepona. Akisema kushoto, mwambie hapo hapo: "Basi nishushe Segera, na unikumbushe, kiti changu ni 23." Taja mji unaoshuka, taja na kiti. Konda ana abiria wengi, uso wako hataukumbuka, namba ya kiti ataikumbuka.

Swali la pili la kujifunza ni hili: "Moja kwa moja, au naunganisha?" Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba yule kijana wa Kange pengine hakuona kama ananidanganya. Mpiga debe hulipwa kwa kichwa cha abiria. Kwake yeye abiria wa Mombo ndani ya gari la Dar ni jambo la kawaida: atashuka Segera, ataunganisha kwa gari linalotoka Dar kwenda juu, atafika. Ni kweli atafika, ikiwa ameambiwa. Konda naye aliuliza "Segera wapo?" akijua tiketi yangu inaishia pale. Kati ya watu wale wote hakuna aliyesema neno "kuunganisha", wala mimi sikuliuliza.

Jirani wa kiti waweza kumuuliza pia, ila usimtegemee yeye peke yake. Huenda naye amekosea gari kama wewe, akakujibu kwa uhakika wote.

Hatua ya nne: chagua pa kushuka

Ukijua umekosea huku mko kabla ya Segera, usikimbilie kushuka Pongwe wala kwenye kijiji chochote. Kaa mpaka Segera. Pale magari yote yanakutana: yanayotoka Tanga, yanayotoka Dar kwenda Moshi na Arusha, na yanayoshuka kutoka huko. Kuna vibanda, kuna chakula, kuna watu usiku na mchana. Muheza nayo ni pazuri ikiwa unataka kurudi Tanga mjini, au ikiwa kuna kitu umesahau nyumbani. Lakini kwa mtu wa kuendelea mbele, Segera.

Ukishuka Segera simama upande wa barabara unakoelekea, na kila gari linalosimama uliulize upya. Usidhani kwamba kwa kuwa umeshakosea mara moja basi la pili litakuwa sawa.

Ikiwa umegundua baada ya Segera, kwa mkono wa kushoto subiri Kabuku au Mkata. Kwa mkono wa kulia subiri Korogwe: ni mji mkubwa, una stendi, na magari ya kurudi kuelekea Dar hayakosi. Kuna makonda watakaokuambia, "Shuka hapa hapa, magari yapo," na hapo penyewe ni pori na mkonge pande zote mbili. Kataa kwa adabu. Mwambie, "Nitashuka palipo na watu, kaka, hata kama ni mbele kidogo." Kilomita 10 za ziada za kurudi ni nafuu kuliko kusimama peke yako kando ya barabara kuu.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, hili limekuwa na uzito zaidi. Ukikosea gari saa 5 za usiku, usishuke penye giza, na usikubali bodaboda ya kukurudisha Segera kwenye barabara kuu yenye malori. Bora ulale umekaa ndani ya basi hadi mji mkubwa unaofuata, ukashuke penye taa. Mwanamke anayesafiri peke yake aseme wazi kwa konda: "Sishuki gizani." Ukihisi kutishwa, namba ya polisi ya dharura ni 112.

Anayekwenda Bagamoyo

Huyu nampa sehemu yake, kwa sababu kosa lake halionekani Segera. Gari lake kweli ni la Dar, kweli linakata kushoto, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini mabasi ya Tanga–Dar yana njia mbili. Yapo yanayonyoosha hadi Chalinze na kuingilia Kibaha, mpaka Mbezi kwenye stendi kuu. Yapo yanayokata Msata na kupita Bagamoyo. Ukipanda la kwanza huku unadhani ni la pili, utapitishwa Msata umelala.

Swali la kuuliza Kange ni moja: "Linapitia Msata–Bagamoyo au Chalinze?" Ukiambiwa Chalinze, si lazima ushuke. Panda, ila tiketi yako uikate ya Msata, na umwambie konda akushushe pale. Kutoka Msata hadi Bagamoyo ni lami, kilomita 64, na magari madogo yanasubiri njia panda. Dalili ya kuamka ni mto Wami: ukishavuka daraja la Wami, keti wima, Msata inakuja. Ukiona Lugoba, imeshapita. Hapo shuka Lugoba au Chalinze urudi Msata, usikubali kubebwa hadi Mbezi halafu uanze kutafuta gari la Bagamoyo ndani ya foleni ya Dar.

Aliyejikuta njia ya Horohoro

Ukifika mpakani bila kutaka, usivuke. Hata kama watu ndani ya gari wanakuambia ni dakika tu, upande wa pili ni nchi nyingine, na ukikutwa huna hati utaeleza kwa muda mrefu sana. Shuka kabla ya geti, waone maofisa wa uhamiaji upande wetu, waeleze kwamba umekosea gari na unataka kurudi Tanga.

Mzigo

Kabla mguu wako haujagusa chini, kumbuka buti. Watu wanaoshuka kwa taharuki husahau gunia la muhogo, ndoo, hata begi la nguo za harusi, na basi likaenda nalo. Mwambie konda tangu ndani, "Nina mzigo kwenye buti," na usiondoke ubavuni mwa gari mpaka umeushika. Akikuhimiza, mwache akuhimize.

Kuna na kinyume chake, nacho hutokea Kange zaidi: mzigo umepakiwa kwenye gari lako sahihi, wewe ukaenda kununua maji, ukarudi na kupanda gari la pembeni linalofanana nalo. Sasa uko kwenye gari moja, mzigo uko kwenye jingine. Toa tiketi, kuna namba ya simu ya kampuni. Piga mara moja, usisubiri kufika. Taja namba ya gari lako, kiti chako, na mzigo ulivyo: "begi jeusi, lina kitambaa chekundu kwenye mkono". Omba wauteremshe kwenye ofisi au kwa wakala wao wa mji unaokwenda, nao wapewe jina lako. Kitambaa hicho chekundu kifunge leo hii, kwa kuwa mabegi meusi ndani ya buti yanafanana yote.

Nauli

Hapa sina mengi. Ukieleza mapema na kwa upole, konda mwelewa atakushusha Segera bila neno. Akidai nauli ya kipande ulichopanda, lipa na udai tiketi. Ikiwa ni wao waliotazama tiketi yako mlangoni na bado wakakupandisha, itunze tiketi, piga picha namba ya gari, na ulipeleke ofisini kwao ukishafika. Wasipokusikiliza, ipo LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na namba zake za malalamiko huwa zimebandikwa ndani ya mabasi. Lakini usilimalize jambo hilo barabarani. Barabarani kazi yako ni kufika.

Weka akiba ya nauli ya kuunganisha mahali tofauti na pochi, au kwenye simu, na simu iwe na chaji. Ukishapata gari sahihi, mpigie anayekusubiri umweleze uko wapi hasa. Usimwambie "nakaribia" huku uko Mkata. Mimi nilisema nakaribia, wakanisubiri nusu saa, kisha sheikh akasema maiti haicheleweshwi zaidi ya hapo.

Ukiendelea na treni

Tanga ndiko reli ya nchi hii ilikoanzia. Ujenzi ulianza 1893, na reli ilifika Muheza 1896 na Korogwe 1902. Siku hizi wengi wetu treni tunaikutia Dar, na huko kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kupanda: ni kwenda stesheni isiyo yako. Anayekwenda Mbeya apande TAZARA, treni ya reli ya Tanzania na Zambia, na stesheni yake iko barabara ya Nyerere, mbali na katikati ya mji. Anayekwenda Morogoro au Dodoma kwa treni ya umeme, ile iliyofika Dodoma mwaka 2024, aende katikati ya mji. Ukimwambia bodaboda "nipeleke treni" tu, atakupeleka anakokujua yeye.

Treni haifanani na basi kwa jambo moja kubwa: haisimami kwa kugonga bati. Ukikosea behewa, tembea ndani kwa ndani huku unamtafuta mhudumu. Ukikosea treni yenyewe, mwonyeshe mhudumu tiketi mapema, ushuke kwenye kituo kinachofuata inaposimama, na ubaki ndani ya stesheni. Zipo treni za haraka ambazo hazisimami vituo vidogo kama Pugu, Soga au Ruvu, kwa hiyo "kituo kinachofuata" chaweza kuwa mbali. Usijaribu kuruka inapopunguza mwendo. Na usivuke reli kuhamia jukwaa la pili, pita njia ya abiria.

Ukimsindikiza mzee au mtoto

Usimwachie mpiga debe wala usimwage mtu mlangoni. Panda naye ndani. Mwandikie kwenye karatasi jina la mji anaoshuka, jina la anayempokea na namba mbili za simu, moja yako na moja ya kule, kisha karatasi itie mfukoni mwake, isiwe ndani ya begi. Msomee tiketi kwa sauti. Muulize konda, mbele yake, gari linakata wapi Segera.

Mama yangu sasa ndiye anayekwenda Soni mara kwa mara, kusoma dua kwa dada yake. Nikishamkalisha humsalimu aliye jirani yake, namwambia, "Shikamoo, mama. Huyu mama yangu anashuka Mombo. Mkifika Segera, gari likikata kushoto, nakuomba umwambie asimame."